Makande ya Kutwangwa

Kwetu Upareni, mtoto anayekataa makande, yale mahindi yaliyopikwa na maharage, ni kama Mmasai anayekataa maziwa: ama anaumwa, ama anadeka. Mimi sikuwa na homa, kwa hiyo nilikuwa nadeka.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, nami nilikuwa msichana wa darasa la nne, mwaka wa ule mtihani wa kutuchuja. Wachache waliendelea na masomo, wengine wote walirudi kushika jembe. Nililala na mtihani, nikaamka nao. Mama alisema usingizini nilisaga meno kama jiwe la kusagia unga. Mchana niliwamenyea wadogo zangu miwa kwa meno, daima upande wa kulia, maana kushoto nilikuwa na jino bovu. Basi taya la kulia likaanza kutoa mlio, "ko!", kila nilipopanua kinywa, kisha likauma mpaka sikioni. Asubuhi nyingine lilikataa kabisa kufunguka.

Kusaga meno kwetu kulikuwa na maana moja tu: minyoo. Nikanyweshwa mitishamba michungu mpaka nikawaonea huruma hao minyoo, kama walikuwepo. Shuleni mwalimu aliniamuru nisome kwa sauti, nikasoma meno yakiwa yamefumbana. Akaniita mwenye kiburi, akanisimamisha pembeni. Nililia zaidi kwa hasira kuliko kwa maumivu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini maiti angalau haambiwi kwamba anajifanya.

Miaka mingi baadaye, daktari wa meno mjini aliniuliza kama utotoni nilisaga meno, kama nilizoea kutafuna vitu vigumu upande mmoja, kama kulikuwa na jambo lililonitia hofu. Nilidhani kazungumza na mama.

Wakati ule, hata hivyo, nilichohitaji ni mtu mmoja tu wa kuniamini. Jumamosi moja jioni mama alinikuta jikoni nameza punje za mahindi nzima nzima, machozi yananitoka. Aliniwekea kiganja shavuni, akasema, "Tafuna."

Nikatafuna. Ko!

Akautoa mkono kama aliyegusa kaa la moto. "Mwanangu! Na mimi nakunywesha dawa ya minyoo!"

Akachukua makande yote, si ya kwenye sahani yangu tu, akayamimina kwenye kinu, akayatwanga mpaka yakalainika.

Baba, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge kule tambarare, alikuwa amepanda mlima kuja nyumbani siku hiyo, na nina hakika njia nzima aliyawaza makande. Alifunua bakuli, akaliangalia, akatuangalia sisi.

"Mama watoto, hiki chakula cha mgonjwa. Nani anaumwa?"

Niliinamisha kichwa nikisubiri nitajwe, na baada yangu lifuate lile neno, kudeka.

"Nyumba nzima," mama akajibu, akajipakulia, akaanza kula.

Baba alinitazama shavu. Kisha akaomba maji, akanawa.