Sanamaki na kufuli la mwaloni

Sanamaki, majani ya kufungua choo, hunywewa siku za mbalamwezi. Ndivyo tulivyojipangia wanawake wa mwaloni kwetu, ufukweni wanaposhushia samaki, kusini kidogo ya Ujiji: mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapumzika, nawe unashinda nyumbani karibu na choo chako. Mama mdogo, aliyenilea na kunifundisha kuanika dagaa, safari ile hakuweza kusubiri. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao na mwezi ulikuwa bado mchanga.

Watu husema ugali wa muhogo ndio unaofunga tumbo. Uongo mtupu! Lake lilifungwa na kufuli. Mwaloni kuna choo kimoja, na ufunguo anao mlinzi kwa ajili ya matajiri wanaokuja kununua mzigo. Wanaume wanajisitiri nyuma ya mitumbwi. Sisi tunashinda juani tangu alfajiri bila kunywa maji, tusije tukabanwa. Mwili usiponyweshwa hunyonya maji yaliyomo kwenye kinyesi, nacho kinakauka, kinagoma kutoka.

Basi akachemsha majani yake, akanywa kabla ya kulala. Sanamaki haina papara. Inapita tumboni kimya kimya hadi utumbo mpana, na huko vijidudu wanaoishi ndani yetu ndio wanaoivunja na kuitia makali. Hapo utumbo unaanza kujikamua, na maji ambayo yangerudi mwilini yanabaki humo humo, yanalainisha na kusukuma. Ndiyo maana dawa ya usiku hujibu asubuhi. Kwake ilijibu mitumbwi ikishusha, yeye ameinamia dagaa.

Nikamkimbilia mlinzi.

"Shikamoo, baba. Naomba ufunguo wa choo, mama anaumwa."

Hakunitazama hata usoni. "Choo cha wageni hicho. Nendeni kwenu."

Kwetu ni mbali. Mama mdogo, mtu mzima mwenye wajukuu, hakufika hata pale zinapoanikwa nyavu. Wapakuzi wakacheka. Nilivua kanga yangu ya juu nikamfunika, kisha nikaokota jiwe, nikaliponda lile kufuli mpaka likaachia. Hasira ile ninayo hata sasa ninapoandika.

Viongozi wa mwalo waliniita jioni ile ile. Waliuliza habari za kufuli, wakauliza tena. Habari za mama mdogo hakuna aliyeziuliza. Kesho yake tukakuta kufuli jipya mlangoni, kubwa kuliko la kwanza.

Siku hizi namchukulia chupa ya maji, naiweka kivulini karibu na dagaa wake.

"Kunywa, mama."

"Nitakunywa, mwanangu."

Jioni narudi nayo nyumbani, imejaa.