Ngazi Tano za Springi

Kutoka Lodwar hadi Kuresoi niliendesha pikipiki siku mbili. Mchanga, kisha lami, kisha baridi ya Timboroa iliyonifanya niimbe kwa sauti ili meno yasigongane, kisha matope ya Mau. Nilikuwa nimepita miaka arobaini, na mali yangu yote ilikuwa nyuma yangu, imefungwa kwa kamba ya mpira. Kaka yangu mkubwa alikuwa amekodi shamba la viazi huko. Aliponiona nikishuka alimwambia mkewe, "Gunia limefika."

Jina likashika.

Nilikuja kwa wiki mbili, nikakaa msimu mzima. Viazi vilihitaji kubebwa hadi barabara kubwa, na pikipiki zetu zilikuwa mbili, za aina moja. Usiku nililala stoo, kando ya mavuno. Kaka alikuwa na mgongo mbovu, mkewe akimkanda kila jioni, na springi za nyuma za pikipiki yake, ingawa zilikuwa mpya, zilididimia mno akibeba mzigo. Akachukua nyundo na bisibisi ili azikaze.

"Ukigonga hiyo pete utaivunja," nikamwambia.

"Sawa, fundi wa dunia. Onyesha."

Nikaonyesha. Chini ya kila springi kuna pete ya chuma yenye ngazi tano. Ukiizungusha, inaibana springi. Niliiweka pikipiki kwa stendi ya katikati, gurudumu likaelea. Nikasugua matope kwa mswaki wa zamani, kwa sababu mchanga ukibaki ndani hutafuna chuma. Spana yangu ya ndoano, inayoikamata hiyo pete, nikaizungushia kitambaa, nikavuta ngazi moja kushoto, moja kulia. Pande zikitofautiana, pikipiki huyumba kama mlevi. Baba, aliyezeekea kazi ya reli Nakuru, alitufundisha sote wawili kwenye baiskeli yake: usigonge chuma ambacho hakijakukatalia. Nikashika grisi, nikamkumbuka.

"Sasa panda," kaka akasema. "Tupime na gunia."

Nikapanda. Mkewe alicheka mpaka akaweka beseni chini. Mimi pia nilicheka. Hicho kicheko changu ndicho kinachoniuma hadi leo.

Viazi vilipokwisha, nikawaambia kwamba Jumapili ningeondoka.

"Uende wapi?" kaka akauliza. "Hata gunia la viazi linajua linapelekwa soko gani."

"Shemeji akienda, viazi ndio vitalia," mkewe akasema. "Vimezoea kulala na yeye."

Jumamosi nilitoka dukani nikamkuta kaka amechuchumaa kando ya pikipiki yangu, nyundo mkono mmoja, patasi mkono mwingine. Pete zote mbili zilikuwa vipande. Springi zilicheza ovyo mahali pake. Alikuwa amegonga pia ile fimbo inayong'aa katikati ya kila springi, inayotuliza mtikiso, upande huu na upande ule, na mafuta yalikuwa yakitiririka hadi kwenye gurudumu. Hakushtuka.

"Nilikuwa nakukazia," akasema. "Si unaenda mbali?"

Hakuwa akitazama chuma. Alikuwa akinitazama mimi. Yeye na mimi tulikuwa na mwalimu mmoja. Alijua vizuri pa kutogonga.

"Spea ziko Nakuru, na hiyo haikufikishi hata Molo," akaongeza. "Kwa hivyo utatulia. Tunapanda tena mvua ikianza."

Nilikula ugali walionipa.

Jumapili walienda kanisani kwa miguu, wamevaa nguo safi. Nyimbo zilipoanza kuvuka bonde nilizisimamisha pikipiki zote mbili kwa stendi, nikafungua nati, ya juu na ya chini, upande mmoja kisha mwingine. Springi zake nzuri nikazifunga kwangu. Zangu nikazifunga kwake. Mahubiri yalikuwa bado yanaendelea.

Nati zake nilizikaza barabara. Sikutaka zifunguke njiani zimuue. Nilitaka mgongo wake uhesabu kila jiwe kutoka shambani hadi barabarani, magunia matatu yakiwa nyuma, na mkewe achoke kumkanda. Nikapangusa mafuta yasifanye gurudumu liteleze.

Mwisho nikaitoa ile spana ya ndoano, nikaiacha juu ya kiti chake. Hapo haikuwa na pete ya kushika tena. Kisha nikawasha, nikashuka polepole kuelekea Molo, springi za kaka zikinibeba vizuri sana.