Waliokula Barazani

Nikifungua chupa ya uji wenye mdalasini, mvuke ukinipiga usoni, narudi utotoni, kwenye wodi ya watoto Morogoro.

Asubuhi ile nilikuwa nangoja operesheni ya ngiri. Nesi alimwonya mama nisile kitu, maana nikitapika nikiwa kwenye usingizi wa dawa, chakula kingeweza kuingia kwenye mapafu.

“Hata kijiko kimoja, mama?” nikamuuliza.

“Hata kimoja, mwanangu.”

Uji wa wodi ukaletwa. Kwetu mtu hali mbele ya mwenzake bila kumkaribisha, na mimi sikuweza kukaribishwa. Bibi mmoja wa kijiji cha Matombo, aliyekuwa akimuuguza mjukuu wake kitanda cha jirani, alitazama bakuli, akanitazama mimi, akainuka.

“Jamani, tukale nje,” aliwaambia wenzake.

Wakatoka wote na watoto wao, hata wenye mikono ya bandeji. Dirishani niliona migongo tu, imebanana barazani, manyunyu ya mlimani yakiwalowesha miguu. Mama alibaki nami. Naye hakula.

Baada ya operesheni nilizinduka mdomo mkavu, kidonda kinawaka. Jioni, nesi aliporuhusu, bibi yule alikuja na kikombe cha uji mwepesi, unanukia mdalasini wa shambani kwake. Wodi nzima ilikuwa inanitazama.

“Shikamoo, bibi,” nikanong’ona.

“Marahaba, mjukuu wangu,” akasema, akikiinua kikombe hadi mdomoni pangu. “Haya, sasa karibu.”