Nilifuta Maandishi ya Baba Mkwe, Nikanyamaza Shemeji Akabebeshwa Lawama

Kosa ni langu. Naliandika hilo mwanzo kabisa, kabla sijaanza kujitetea, maana mimi ni hodari wa kujitetea. Msomaji mwenzangu, wewe hunijui nami sikujui, na hiyo ndiyo nafuu yangu leo. Majina nimeyageuza. Aibu nimeiacha kama ilivyo.

Nakaa Mjambere na mke wangu, tumwite Asya. Babake anakaa Junda, si mbali na sisi. Ni mwalimu wa dini, mtu aliyesomesha wazee na vijana maisha yake yote, na sote twamwita Mwalimu. Ndiye aliyeniozesha binti yake nikiwa sina mbele wala nyuma. Shikeni hilo, mjue nilimfanyia nani haya.

Mwalimu alipigwa na kiharusi. Mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukafa ganzi. Al-hamdulillahi, ulimi ulimrudia kidogo kidogo, lakini mkono wa kushika kalamu haukurudi. Mwanawe mmoja aliyeko Uarabuni akamletea kile kifaa cha kusomea vitabu, chembamba, kioo chake hakiumizi macho na herufi zake waweza kuzikuza upendavyo. Sisi nyumbani twakiita kitabu cha umeme.

Mzee alikipenda! Akisoma, akifika mahali pana jambo, hugusa neno kisha huandika maelezo yake papo hapo, herufi moja moja, kwa kidole cha mkono wa kushoto. Sentensi moja huweza kummalizia asubuhi nzima. Alikuwa anaandaa darsa za Ramadhani. Wazee wa msikitini walimwomba arudi kukaa mbele na kusomesha, mara ya kwanza tangu augue. Hakulisema kwa maneno, lakini sote tulijua ndilo lililokuwa likimwamsha.

Aliyemwangalia ni Rukia, mdogo wake Asya. Binti mwenye subira. Ndiye aliyempa dawa, ndiye aliyemnyoosha vidole, ndiye aliyemchajia kifaa na kumtilia vitabu.

Basi Jumamosi moja Mwalimu akaniambia, "Mwanangu, kuna vitabu nimeletewa, vingi. Rukia ana mitihani. Waweza kunitilia?"

"Baba, hilo ni jambo la kunywa chai tu," nikamjibu. Mimi nafanya kazi ofisi ya mizigo Changamwe, kutwa nzima niko mbele ya kompyuta. Nani wa kunishinda kwa kuhamisha mafaili?

Nikakileta nyumbani. Kompyuta yangu ya mkononi ina tundu moja tu la USB lililo zima, na hapo hukaa kile kidude cha matundu manne, cha kale, nilichookota ofisini kilipotupwa. Pale nimechomeka kipanya na feni ndogo ya meza. Nikachomeka na kifaa cha Mwalimu humo humo. Nikachagua vitabu vyote kwa pamoja, mamia ya mafaili, vingine ni picha za kurasa za vitabu vya zamani, vizito kama mawe. Nikabonyeza. Nikaenda kunywa chai.

Niliporudi, ule mstari wa kijani haukuwa umesogea upana wa kucha.

Nikangoja. Kompyuta ikaniambia yamebaki masaa mawili. Nikageuka kidogo, ikasema matano. Nikageuka tena, ikasema inahesabu. Yahesabu nini! Nikaizima nikaiwasha. Nikazima ile programu ya kukagua virusi. Nikahamisha waya tundu hili nikautia tundu lile, ndani ya kidude kile kile. Nikapuliza vumbi. Ikaanza upya, pole pole, mfano wa mtu anayeteka maji kwa kijiko.

Wallahi nilikasirika na kitu kisicho na masikio. Jasho lanitoka, feni nimeigeuza ikipulize kifaa, nikidhani labda kimepata joto!

Rukia akapiga simu kuuliza kama kimekwisha, mzee anakiulizia. Nikamwambia kifaa chenu kibovu.

"Shemeji, si kibovu," akasema. "Mimi hukitia moja kwa moja kwenye kompyuta, bila ya kitu katikati. Tena hutia vitabu vichache vichache, nakiacha kipumue, ndipo natia vyengine."

Mwajua nilivyomjibu? "Wewe soma mitihani yako. Wanifundisha mimi kompyuta?"

Akasema, "Haya shemeji, samahani."

Laiti ningechomoa kile kidude! Kilikuwa mbele ya macho yangu. Lakini ningekichomoa ningekuwa nimefuata neno la mtoto wa shule, na mimi ni mtu wa ofisi.

Kufika alasiri nilikuwa nimeshaamua kwamba kifaa kimejaa uchafu. Niliona humo vitabu vya hadithi vya Rukia, nikasema ndivyo vinavyokiziba. Nikaingia kwenye mipangilio, nikatafuta mahali pa kukirudisha kama kilivyotoka kiwandani. Kikaniuliza, kwa zile herufi alizokuziwa Mwalimu, zimejaa kioo kizima: vitu vyote vitafutika, una hakika?

Sitawadanganya. Nilikumbuka maandishi ya mzee. Nilikumbuka! Nikajiambia mambo siku hizi hujihifadhi yenyewe huko kwenye mtandao. Na najua vyema nyumba ya Mwalimu haina mtandao, na kifaa kile hakijawahi kuunganishwa hata siku moja.

Nikabonyeza ndiyo.

Kilipowaka kilikuwa cheupe, kama kimenunuliwa leo. Nikarudisha vitabu, ikawa pole pole vile vile, hata kidogo hakikubadilika. Nikavuta waya katikati ya kazi kwa hasira, nikaridhika na vilivyowahi kuingia. Jioni Rukia akapita kukichukua. Nikampa. Sikumwambia neno.

Siku ya pili tulikuwa kwao kwa chakula cha mchana. Mwalimu akakifungua kifaa. Akatafuta. Akatafuta tena.

"Rukia," akaita.

"Abee, Baba."

"Maneno yangu yako wapi?"

Rukia akakichukua, akageuza kurasa, rangi ikamtoka. "Sijui, Baba. Jana nilikichaji tu."

Mama mkwe akasema, "Jana kililala kwako. Ulikifanya nini?"

"Sikukifanya kitu, Mama! Nilikifungua kidogo nitazame kama hadithi zangu zimo, sikuziona, nikakifunga."

"Basi hapo ndipo ulipoharibu. Wewe na hadithi zako!"

Asya akanigeukia. "Wewe ulipokitoa kilikuwa vipi?"

Hapo. Hapo ndipo ningekuwa mtu. Wali uko mkononi, macho yote yaniangalia. Nikasema, "Mimi nilimpa kizima."

Maneno matatu! Hayakunichukua hata pumzi moja.

Rukia alinitazama. Hakunitazama kwa hasira, na ndilo linaloniumiza. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu. Mwalimu akasema, "Basi, yamekwisha, kuleni," akasukuma sahani yake, akajipangusa mkono, akaenda kulala.

Hakuamka akaanza upya. Nilidhani ataanza. Alikiweka kifaa juu ya kabati. Wazee walipokuja kumuuliza kuhusu darsa, aliwaambia watafute mwengine, kichwa chake bado hakijatulia. Na mama mkwe hakumwacha Rukia apumue. Kila kilichopotea ni Rukia, kila kilichovunjika ni Rukia. Mwisho binti akafungasha nguo akaenda kwa khalati yake, dada wa mamake, huko Shika Adabu, Likoni. Mzee akabaki bila mtu wa kumnyoosha vidole.

Nami? Nilikuwa nakwenda kazini, narudi, nala, nalala.

Kisha nikataka kutoa picha kwenye simu yangu. Nikachomeka simu kwenye kidude kile. Picha chache tu, na mstari ule ule ukakwama vile vile! Nikaketi nikautazama. Nikachomoa kidude, nikachomeka simu moja kwa moja. Picha zikapita kabla sijainua kikombe.

Kumbe kifaa cha mzee hakikuwa na ila yoyote. Hakikujaa, hakikuharibika. Kilichokuwa kikivuta miguu ni takataka yangu niliyookota. Nilikuwa nimefuta kazi ya mgonjwa kutibu ugonjwa ambao haukuwako. Na dawa yenyewe nilikuwa nimeshatajiwa, kwa adabu, nikaikemea.

Unadhani nilikimbia kwenda kusema? Nilikitupa kidude jaani, nikanyamaza zaidi.

Aliyenitoa kimyani ni mzee mwenyewe. Aliniita akasema, "Nipeleke Likoni kwa mwanangu. Nataka nimtake radhi."

"Umtake radhi wewe, Baba?"

"Nilinyamaza mamake alipomuandama. Hata kama alifuta, maneno ni maneno, mtoto ni mtoto."

Tukapanda tuktuk. Tulipofika feri tukashuka, tukakaa kwenye banda kungoja watu wapungue, maana hatembei upesi. Kanishika mkono kwa ule mkono wake mzima. Nikaona siwezi kumficha zaidi. Nikamwambia yote, pale pale, watu wanapita na mizigo yao. Nikamwambia nilikumbuka maandishi yake na bado nikabonyeza.

Mzee akanigeukia.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Niliona haya, Baba."

"Ukaonea haya uso wangu," akasema, taratibu, kwa ule ulimi wake unaojiburura, "ukamwacha mtoto wangu avae haya zako."

Aliniachia mkono. Hakunitukana. Aliinuka mwenyewe, akaelekea kwenye feri, nami nyuma yake nikiogopa hata kumshika asianguke.

Huko Shika Adabu, Rukia alipofungua mlango, Mwalimu hakuniruhusu nikae. "Mwambie," akasema. Nikamwambia nimesimama kizingitini, khalati yake yuwasikia.

Nilijitayarisha kwa matusi. Ningeyapokea! Rukia akaweka mkono kifuani, machozi yakamtoka, akasema, "Shemeji, mimi nilikuwa nimeshaamini ni mimi. Kila siku najiuliza ni wapi nilipogusa. Nimeshaomba toba kwa jambo hilo. Nimelifungia mpaka saumu."

Jamani! Binti alifunga saumu kwa kosa langu!

Hapo nililia kama mtoto, mwanamume mzima, mlangoni kwa watu.

Mngependa niwaambie kwamba mambo yalirudi kama kwanza. Hayakurudi. Rukia alimbusu babake mkono, wakalia, wakasameheana wawili hao. Lakini Rukia hakurudi kukaa Junda. Asema atakuja kumtazama mzee, na huja, mimi nikiwa siko. Mama mkwe hajanisemesha mpaka leo ila kwa salamu. Asya bado yuko nami. Zamani kitu kikikwama nyumbani alikuwa akiniita. Sasa humwita jirani.

Ramadhani ilipoingia darsa ilisomeshwa na ustadhi mwengine, kijana, mzuri tu. Mwalimu alikaa safu ya nyuma, ameegemea ukuta, akisikiliza. Mara moja ustadhi alikwama kwenye neno, akageuka kumuuliza. Nilimwona mzee akifungua mdomo, akatafuta, akatikisa kichwa. Neno lile alikuwa ameliandika. Najua, maana aliwahi kunionyesha, akifurahi.

Ndugu zangu mnaosoma, kitu kikienda pole pole, chomoeni mlichochomeka nyinyi kabla hamjalaumu cha mwenzenu. Tia kidogo kidogo, usirundike. Cha mtu usikifute hata kwa nia njema bila ya kumuuliza, na ukiona swali la "una hakika?", basi hilo si swali la kupita mbio.

Lakini hayo ya waya ni madogo, hata mtoto atawafundisha mkimsikiliza. Kubwa ni hili. Ukishaharibu, sema. Sema wali ungali mkononi, sema macho yote yakikutazama, sema sauti ikitetemeka. Usiingoje kesho. Kesho kuna mtu asiye na hatia ataamka alfajiri ale daku, afunge kwa dhambi yako.