Aikande na Zahanati Isiyo na Paa

Aikande hakuweza kutulia. Kila asubuhi watu wa Kimangeni walimwona akipita na mundu na kamba, akisema anakwenda kukata majani ya ng'ombe, ilhali ng'ombe wake walikuwa wameshiba na majani yamejaa zizini. Kila mtu alijua anakokwenda. Alikwenda kutazama kuta.

Kuta hizo zilisimama pembeni mwa kihamba chake, kando ya barabara iteremkayo Moshi. Zilikuwa za zahanati. Zilifika kwenye lenta, juu ya milango na madirisha, zikaishia hapo, na katika chumba kilichokusudiwa kuwa cha wazazi magugu yalikuwa yamefika magotini. Aikande alikuwa akiyang'oa, nayo yakiota tena.

Kihamba si shamba tu. Ni ardhi ya ukoo, wazee wamezikwa humo, wala hakigawiwi ovyo. Lakini Aikande, mjane, alikata kipande akakitoa kwa kijiji kwa sababu moja: binti yake Hellen alizaliwa katikati ya migomba ya watu, mvua ikinyesha, gari likiwa limekwama kwenye utelezi.

"Asizaliwe mwingine hivyo," aliwaambia wanaukoo.

Shemeji yake Eliufoo, mdogo wa marehemu, alipinga mpaka sauti ikamkauka. "Hao viongozi wakikosa hela watauza," alisema. "Nawe utakuwa umetoa ardhi ya baba yangu kwa kupigiwa makofi."

Aikande akaahidi mbele ya ukoo mzima kwamba ardhi ile haitakuwa kitu kingine ila zahanati. Ahadi hiyo ndiyo iliyomkosesha raha.

Utaratibu ulijulikana: wananchi wapandishe kuta, halmashauri iezeke. Watu wakajitokeza kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo nyumba isiyotuma mtu hutozwa faini. Wanawake walibeba mchanga kutoka mtoni, wanaume wakavunja mawe. Zamu ya halmashauri ilipofika, halmashauri haikuwa na kitu.

Wala haikuishiwa kwa bahati mbaya. Ilikopa benki ikajenga soko la kisasa, na vibanda vilipokamilika wakubwa wakajigawia wao na ndugu zao kwa kodi ndogo, ambayo hata hiyo wengine hawakuilipa. Wakavipangisha kwa wafanyabiashara kwa bei ya juu, faida wakatia mfukoni. Watoza ushuru nao wakala fedha kabla haijafika benki. Ili kuziba pengo, ushuru wa mazao ukabanwa hadi watu wakachoka na kahawa, wakang'oa mibuni, na chanzo hicho nacho kikakauka. Kitu pekee kilicholipwa kwa wakati ni posho za vikao. Wahudumu wa mkataba wakakaa bila mishahara, gari la taka likawekwa juu ya mawe, na mwanamke aliyebeba mkungu mmoja wa ndizi kichwani akaanza kusimamishwa kwenye kizuizi cha ushuru, kana kwamba yeye ndiye aliyekopa.

Kisha ikaja habari ya mwekezaji. Alitaka kiwanja cha zahanati ajenge hoteli ya watalii, kwa kuwa ukisimama pale kilele cha Kibo kinaonekana vizuri. Halmashauri ingepata fedha mara moja, na mkutano mkuu wa kijiji ungeamua Jumamosi. Ila kila mtu alijua kwamba mkutano ungemtazama kwanza Aikande, aliyetoa ardhi. Akikubali yeye, nani angepinga?

Alhamisi jioni alikuwa akimenya ndizi za mtori, na Eliufoo ameketi kwenye kigoda akisubiri maziwa yake, Diwani Gidioni alipoingia uani. Alizaliwa kijijini hapo lakini alikulia mjini. Mkononi alishika isale.

Isale ni mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani na makaburini. Aliyekukosea hukuletea jani lake limefungwa fundo kuomba msamaha, na kumkataa mtu mwenye jani hilo ni aibu kubwa. Gidioni hakuleta jani. Alileta shina zima, refu kama fimbo ya kuchungia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umeniletea kuni?"

Eliufoo akacheka mpaka akakohoa. "Mwache, shemeji! Jani moja ni la kosa moja. Huyu kajihesabia, akaona bora aje na mti."

Gidioni akatazama shina lile, akatahayari. "Mzee Eliufoo, nisamehe. Nilimwambia dereva anikatie."

"Hata toba unamtuma dereva?"

"Mwache aseme," Aikande alisema. Kisu hakikusimama mkononi mwake.

Gidioni akapiga goti moja, kwa tahadhari, asichafue suruali. "Mama, hali ya halmashauri ni mbaya. Mapato yameshuka, benki inadai. Tukipata fedha ya kiwanja tutapumua, na zahanati tutaijenga mahali pengine. Nimekuja na isale. Kama kuna mahali tumekukosea, utusamehe, na Jumamosi usimame useme umekubali."

Aikande akaweka kisu chini. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo mikono yake kutulia.

"Isale halipokelewi kwa 'kama', mwanangu. Wala halipokelewi kwa 'tumekukosea'. Hapa umekuja peke yako. Umekosa nini wewe?"

"Mama, haya ni mambo ya kitaalamu ya..."

"Nimekuuliza wewe."

Eliufoo alikuwa ameacha kucheka. Gidioni akatazama lango, akatazama ndizi zilizokuwa zikibadilika rangi ndani ya beseni. Mtu anaweza kudanganya baraza zima kwa miaka, lakini si rahisi kudanganya ukiwa umepiga goti na isale mkononi, mbele ya mwanamke aliyemjua mama yako.

"Nina vibanda viwili sokoni," alisema polepole. "Jina ni la mke wangu. Kodi ya halmashauri sijawahi kulipa. Na ule mkopo niliupitisha bila kuusoma. Siku ile posho ilikuwa nono, mama. Sote tulinyoosha mikono."

Ng'ombe akagonga ndoo zizini.

Aikande akanyoosha mkono, akalipokea shina. "Nimekusamehe. Shemeji, wewe ni shahidi."

Gidioni akainuka, uso umemfunguka. "Asante sana, mama! Kwa hiyo Jumamosi..."

"Jumamosi nitasimama niseme kiwanja ni cha zahanati."

"Lakini si umenisamehe?"

"Kabisa. Nisingekusamehe ningekufukuza. Sasa nenda ukalipe kodi ya vibanda vyako, na wenzako walipe ya vyao, kisha mje mniambie kama bado halmashauri haina hela ya bati."

Gidioni aliondoka bila kungoja maziwa. Aikande akaendelea kumenya hata ndizi zilipokwisha kutosha. Vipi kama watu wangeipenda hoteli?

Kesho yake kulipopambazuka alikwenda kiwanjani na lile shina. Jani la isale hukauka, lakini shina ukilichomeka kwenye udongo wenye unyevu huchipua, na isale likishaota mpakani hakuna wa Kimangeni atakayethubutu kuling'oa. Alikuwa akichimba kwa mundu aliposikia mtu akipumua nyuma yake. Ni Eliufoo, na jembe begani.

"Mundu ni wa majani, shemeji. Sogea."

Akachimba mwenyewe kwenye kona ya barabarani, akalisimamisha, akashindilia udongo kwa kisigino. Hakusema kwamba alikosea zamani kupinga, wala Aikande hakumdai.

Jumamosi Aikande alisimama, akasema maneno machache akaketi. Vijana wengine walizomea. "Mama umetunyima ajira!" mmoja alipaza sauti, na hakuwa na makosa kuitaka kazi. Lakini wanawake waliobeba mchanga waliinuka mmoja mmoja wakasimama upande wake, na kura zilipopigwa mwekezaji alikosa kiwanja. Gidioni aliketi mbele, macho chini. Hakunyoosha mkono upande wowote.

Mkutano ulipotawanyika mawingu yalikuwa yameshafunika mlima. Kuta bado hazikuwa na paa, na halmashauri bado haikuwa na kitu. Aikande hakurudi nyumbani. Alikwenda kwenye migomba, akaanza kukata majani makavu, mzigo baada ya mzigo, ya kufunika vichwa vya kuta mvua isizile.

"Hutapumzika hata leo?" Eliufoo aliuliza.

"Leta ngazi, shemeji," alijibu. "Inanyesha."