Masikio ya Fundi Cherehani
Nilikuwa kwenye benchi la kliniki moja Mahajanga, Madagaska. Mbele yangu alisimama mama wa Kikomoro, fundi cherehani kutoka kisiwa cha Nosy Be, pamoja na wifi yake. Karani akamuuliza wifi kwa Kimalagasi, "Huyu anaumwa nini?"

Kabla wifi hajajibu, yule mama alimziba mdomo kwa kiganja.

"Niulize mimi, mwanangu," akamwambia karani. "Nitazame, sema taratibu. Yaliyoziba ni masikio, si akili."

Karani alirudia swali, safari hii akimtazama yeye.

Mlango wa daktari ulikuwa wazi, tukasikia. Daktari alimweleza mama kwa sauti kubwa kwamba nyuma ya ngoma za masikio yake kumejaa majimaji tangu alipougua mafua, kwa hiyo sauti hazipiti vizuri. Yanatibika.

Mama akamgeukia wifi yake. "Umesikia? Kuanzia kesho wateja wangu nawapokea mwenyewe. Asiyetaka kurudia neno, akashonewe kwingine."



Tangu siku hiyo, nikimkuta mtu anamsemea asiyesikia, namwambia anyamaze. Wengine hununa. Na wanune.