Kikwembe ya zamani na mbuzi ya dot

Leo nimeingia ku dot, siku ya mahari ya binti ya kaka yangu, nikivuta mbuzi.

Munakumbuka venye nilibahubiria hapa? Ati mimi sitanunua tena kikwembe, kitenge ya sherehe, tuishi na bile tuko nabyo.

Donc batante, bashangazi bote ba upande yetu bakanunua uniforme ya kijani. Mimi nikatoa kikwembe yangu ya bleu ya zamani, nikaipiga pasi, nikajiona mutu ya hekima.

Nikachelewa, bien sûr.

Ku mulango ya parcelle ya kaka nikakuta bageni, familia ya bwana harusi, batu ya Oicha, banangoja kufunguliwa.
Bamama bao bote bamevaa bleu.
Bleu yangu. Na maua yake yote.

Mama moja akaniangalia na huruma: «Ulikuwa wapi, mama? Shika huyu.»
Akanipa kamba ya mbuzi.

Nilitaka kujieleza, mais mulango ikafunguka, wimbo ikaanza, na mbuzi ilikuwa na haraka kuliko mimi.

Batante ba kijani banatupokea na bigelegele. Mumoja akanitambua, akakata kigelegele katikati.

Kaka akasimama pole pole. Akaangalia mbuzi. Akaniangalia mimi.
«Dada, karibu kwetu. Unakuja kuomba binti gani?»

Nimekaa na bageni mpaka mwisho. Niseme ukweli, bageni njo banapewaka nyama kwanza.

Sasa, nani iko na kipande ya kijani imebaki? Harusi ni siku ya samedi, na bamama ba Oicha bamenichungia kiti mu gari yao.